Tonge la Nne

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwa kaka yangu Kasiani, Jumapili saa saba mchana, nimevaa shati langu la kanisani linalonipwaya kama la kuazima, nimeinua mkono kubisha hodi na mkono haubishi. Msomaji mmoja wa Manzese ameniandikia barua kuniita mjinga. Amewahi mno. Asome ya leo kwanza, atanitafutia jina baya zaidi.

Kwa aliyekosa gazeti: mie ndiye Albano wa Kipawa, mpakia magunia wa ghala moja la nafaka huko Chang'ombe. Zamani waliniitaga Tani Moja. Nilikuwa namaliza sinia la ugali peke yangu, halafu nauliza kama kuna ukoko.

Tumbo likaanza kunikata. Nikatapika damu. Badala ya kwenda hospitali nikaenda kwa Mzee Mwishehe, Balozi wetu wa nyumba kumi, nikamwambia mbele za watu kwamba kaka yangu wa tumbo moja ananiloga. Baadaye nikabebwa hospitali sijitambui, Dakta Kamugisha akanipasua, akakuta vidonda. Akakata theluthi mbili ya tumbo langu la chakula akatupa.

Siku ya kutoka alinikalisha kitandani akaniambia, "Ugali basi. Wali, uji, viazi, basi. Sukari usiione. Tumbo lililobaki likijazwa vitu hivyo utaanguka. Utakula samaki, yai, maharage, kidogo kidogo, na usinywe kitu wakati wa kula. Na magunia usibebe tena. Nimekuandikia yote kwenye cheti hiki, uwaonyeshe kazini."

Kazini sikukionyesha. Niliwaambia nilipasuliwa ngiri, nimepona. Cheti Eufrazia, mke wangu, alikificha chini ya khanga zake sandukuni. Maana mwaka ule ndio ule wa njaa na unga wa njano, na mtu asiye na kazi mjini alikuwa anapandishwa lori kwenda kulima kijiji kipya huko Rufiji. Asiyebeba gunia ghalani kwetu hana kazi.

Na sasa ilikuwa zamu ya Kasiani kutafutiwa lori. Kasiani hana mwajiri, anachonga mpingo barazani kwake, nyumba nne kutoka kwangu. Mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni na jembe hajalishika maishani. Kilichoweza kumwokoa ni barua ya Balozi, ya kusema huyu ni fundi, ana kazi yake, na anaelewana na watu.

"Nitaandikaje anaelewana na watu," Mzee Mwishehe alisema, "na mdogo wake mwenyewe kamshitaki kwangu kwa uchawi?"

Akatoa sharti. Jumapili nile nyumbani kwa Kasiani, chakula cha mkewe, kutoka mkononi mwa Kasiani, mbele ya mashahidi. Nikila, maneno yangu yamefutika na barua inaandikwa palepale. Nikikataa, lori ni Jumatano.

Mtaniuliza kwa nini sikusema nimekatazwa ugali. Nimwambie nani? Hakuna mtu Kipawa nzima aliyewahi kusikia ugonjwa unaokataza ugali. Wangesema Albano bado anamwogopa kaka yake. Na kila upande ulitakiwa kuja na shahidi, nami kwa akili zangu nilimleta Polikarpo, jirani yangu, karani wa zamu pale ghalani. Nilitaka mtu anayejua kusoma na kuandika. Sikufikiri kwamba huyo huyo ndiye wa kuogopa.

Eufrazia alinishika kola kabla sijatoka.

"Matonge matatu," akasema. "Samaki kula unavyotaka, ugali matonge matatu madogo, tafuna mpaka yawe maji, halafu sema umeshiba. Chai usiguse. Umenisikia, baba Sesilia?"

"Nimekusikia."

Nilimsikia vizuri sana. Basi nikabisha hodi.

"Karibu," sauti ya Kasiani ikajibu.

Alikuwa amekaa mkekani, mguu mbovu kaunyoosha. Balozi alikuwa kulia kwake, kushoto mzee mmoja jirani, shahidi wake, na Polikarpo, aliyenitangulia, karibu na mlango. Miezi saba mie na kaka tulikuwa tunapishana njiani kila mtu anatazama miguu yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akaniangalia juu mpaka chini. "Umekuwa hivyo, Albano?"

"Ndivyo nilivyo."

"Nilidhani watu wanaongeza chumvi."

Akageuka upande akajifanya anatafuta birika la kunawia, na birika lilikuwa mbele yake. Alikuwa analia. Mtu niliyemwita mchawi alikuwa analia kwa kuniona nimekonda.

Shemeji Adelina akaingia na sinia.

"Shemeji," akasema, "leo humu hakuna unga wa njano."

Ilikuwa sembe nyeupe. Wakati sisi wote tunapanga foleni tangu alfajiri kwa ule unga mgumu wa njano, yule mama alikuwa ametoa khanga zake za harusi, doti mbili, kwa mwanamke mmoja wa Chanika, akapewa vibaba vitatu vya sembe. Kando kulikuwa na kisamvu cha karanga na samaki wawili wa kukaanga. Ugali wenyewe ulikuwa unatoa moshi, umelainishwa na mwiko juu mpaka unang'aa. Miezi saba sikuwa nimeweka ugali mdomoni. Mate yalinijaa nikalazimika kumeza.

"Bismillahi," Balozi akasema. "Kasiani, mmegee mdogo wako."

Kasiani akamega, akafinyanga, akachovya kwenye kisamvu, akaninyooshea. Nilipokea nikatia mdomoni. Nilitafuna mpaka ikawa maji, kama nilivyofundishwa. Mtu wa kwanza kupumua mle ndani alikuwa Adelina.

La pili. La tatu. Nikala na samaki kidogo.

"Imetosha," Mzee Mwishehe akasema. "Mie nimeona, na mashahidi wameona. Maneno yale ya zamani tumeyazika. Polikarpo, nipe kalamu." Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti, akaitandika juu ya daftari, akaanza kuandika polepole, herufi moja moja.

Hapo ndipo pa kusimama. Sharti limetimia, kaka anabaki Kipawa. Ningenawa mikono na kuomba kwenda nyumbani kulala.

Jamani, tonge la nne hakuna aliyeniambia nile.

Nimejaribu kumsingizia Kasiani, kwamba alinitazama kwa furaha nikashindwa kumvunja moyo. Nimemsingizia Adelina na khanga zake. Si kweli. Matonge matatu nilikula kwa ajili ya kaka yangu. La nne nilijimegea mwenyewe, kubwa, la ukubwa wa zamani, kwa sababu ulikuwa mtamu na nilikuwa na hamu nao. Na la tano. La nane lilipopita sikuhesabu tena.

"Tani Moja karudi," Kasiani akacheka. Alicheka sana, akapiga goti lake zima. "Adelina, mletee ukoko huyu. Mletee na chai."

"Magunia kesho yatatukoma," Polikarpo akasema.

Nilicheka nao. Chai ikaja, na yule mama alikuwa na sukari, sijui aliitoa wapi mwaka ule. Vijiko vitatu. Nikainywa yote nikamrudishia kikombe.

Balozi alikuwa amekwisha andika jina la Kasiani, namba ya nyumba, na kazi yake. Ilibaki kusema anaelewana na watu, na kutia sahihi.

Kwanza moyo. Ulianza kunienda mbio bila sababu, nikidhani ni furaha. Kisha jasho likanitoka shingoni, mgongoni, mpaka kwenye viganja. Masikio yakaziba. Tumbo likajikunja, likaunguruma kwa sauti ambayo wote waliisikia. Nilijua mara moja ni nini. Mwezi wa nane nilikunywa kikombe cha uji wa sukari kwa siri, Eufrazia akanikuta jikoni nimelala juu ya kuni.

"Albano," Kasiani akaita. "Una nini? Albano."

Nikainuka niende chooni. Chumba kikageuka. Niliangukia sinia, samaki wakaruka, kikombe kikapasuka. Chooni sikufika. Na hilo nalo naliandika, kwa kuwa wote waliokuwepo waliliona na wanalikumbuka.

Sikuzimia moja kwa moja. Nilikuwa sina nguvu ya kuinua kidole lakini nasikia kila kitu. Watu walijaa mlangoni. Mwanamke mmoja dirishani akasema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida.

"Kampa."

Adelina alipiga magoti, akaokota ugali uliomwagika mkekani, akautia mdomoni mbele yao. Akautafuna huku analia, akaokota mwingine.

"Kiko wapi nilichoweka?" akawa anauliza. "Mbona mie nakula?"

"Mwenyewe hakimdhuru," mtu akajibu nyuma.

Kasiani alikuwa amekipakata kichwa changu, ananipangusa jasho kwa ncha ya shati lake.

Baada ya nusu saa nikaweza kukaa. Balozi alikuwa bado na karatasi mkononi. Huyu mzee si mtu mbaya. Angeweza kuichana pale pale, lakini aliniuliza kwanza.

"Albano. Tangu asubuhi umekula nini kingine?"

"Sikula kingine."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Ilikuwa kweli tupu. Akafikiri. "Umewahi kuanguka namna hii siku nyingine, kwa chakula cha nyumbani kwako?"

Polikarpo alikuwa ameinama juu yangu, uso wake umbali wa shubiri. Kesho yake alikuwa anapanga zamu. Nikisema ndiyo, nitaulizwa lini, na kwa nini, na itabidi nitaje tumbo lililokatwa, na daktari, na magunia.

"Hapana," nikasema. "Ni leo tu."

Mzee Mwishehe akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga. Kasiani alikuwa bado amenishika kichwa. Nilihisi mikono yake ikiniachia polepole.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilimwambia Eufrazia anipe cheti nimpelekee Balozi.

"Chukua," akasema. Akafungua sanduku, akakiweka juu ya kitanda. "Chukua. Ila ujue kimeandikwa nini. Kimeandikwa ugali usile, na kimeandikwa gunia usibebe. Balozi atasoma mstari mmoja aache mwingine?"

"Kasiani anaonewa."

"Anaonewa, na wewe ndiye unayemwonea. Mie sikatai. Nakuuliza tu, akishuka yeye kwenye lori, tukapanda sie na mtoto, Rufiji utalima na hilo tumbo? Huko watakupa nini zaidi ya ugali?"

Nilikaa Jumatatu nzima na cheti kiko kitandani, na jioni nikakirudisha sandukuni mwenyewe.

Jumanne nayo sikwenda kazini. Mchana nikakitoa tena, nikaenda kwa Kasiani. Alikuwa barazani anafunga patasi na tezo zake kwenye gunia. Adelina aliponiona aliingia ndani akafunga mlango.

"Shikamoo, kaka."

Haikuitikiwa. Nikakaa chini hivyo hivyo, nikafungua shati, nikamwonyesha kovu kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni. Nikamwambia yote. Tumbo lilivyokatwa, ugali ulivyokatazwa, uji wa mwezi wa nane. Cheti nikakiweka juu ya gunia lake. Niliongea haraka, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikidhani nimefanya jambo zuri.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua nini?"

"Kabla hujaja kwangu. Ulijua ukila ugali utaanguka."

"Nikila mwingi, kaka. Kidogo usingenifanya kitu. Matonge matatu nilikuwa nayaweza."

"Matatu ndiyo Balozi aliyotaka."

"Ndiyo."

"Ulipokula matatu nilikuwa nimepona mie."

"Ndiyo."

"Ukala na mengine."

Nikaanza kufunga vifungo vya shati.

"Na Balozi alipokuuliza kama umewahi kuanguka?"

"Nilimwambia hapana."

Kasiani akachukua patasi moja, akaifuta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Ndege ikapita juu yetu kwenda kutua, ikabidi angoje kelele iishe.

"Miezi saba," akasema, "kila mtu aliyekuja hapa kukusema vibaya nilimwambia, mwacheni, ni ugonjwa unaosema, si Albano. Nilikuteteaga mpaka kwa mke wangu. Jumapili hukuwa unaumwa. Jumapili ulikuwa wewe."

"Nisamehe, kaka. Kesho kabla ya lori nitampa Balozi cheti."

"Polikarpo atapata habari."

"Apate."

"Basi njoo nacho." Akanirudishia. "Ila usiniahidi. Ukija nitakuona."

Sikumwambia Eufrazia. Jumatano alfajiri nilivaa, nikakitia mfukoni, nikatoka. Nilipofika uwanja wa tawi la chama lori lilikuwa limekwisha washwa. Watu kama thelathini walikuwa juu, na magodoro na masufuria, na kuku wamefungwa miguu. Kasiani walimpandisha kwa kumshika makwapa. Adelina alikaa juu ya gunia la patasi, hana khanga begani, amejifunika shuka.

Mgambo wawili walikuwa wanazuia watu. Balozi alisimama nyuma ya lori na daftari, na pembeni yake Polikarpo ndiye anayesoma majina, maana macho ya mzee yamechoka. Hilo sikulijua. Nilipanga kumkuta Balozi peke yake.

Nikasimama nyuma ya watu.

Majina yakasomwa, yakaisha. Kisha Mzee Mwishehe akauliza kama desturi yake kila lori linapoondoka.

"Kuna mwenye neno juu ya mtu yeyote aliyepanda humu? Kama lipo, lisemwe sasa. Likishaondoka sina uwezo wa kumrudisha mtu."

Kasiani alikuwa amenitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, akaniona. Hakuashiria kitu. Aliningojea tu.

Balozi naye akafuata macho yake. "Albano," akaita. "Nakuona. Una neno?"

Watu wote wakageuka. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, vidole vimekamata cheti. Nilimfikiria Sesilia wangu, miaka sita, juu ya lori lile. Nilifikiria zamu ya saa moja ghalani. Nilifikiria mtu anayelima kwa mguu mmoja. Nilifungua mdomo na sauti haikuja, nikaufunga, nikaufungua tena.

Sijui ilichukua muda gani. Kwa Kasiani ilitosha.

"Mwacheni, Balozi," akasema kutoka juu, bila hasira yoyote. "Huyo ameshiba."

Dereva akatia gia. Magurudumu yakaanza kuzunguka, Adelina akashika ubavu wa lori. Hapo ndipo mkono wangu ulipotoka mfukoni, na cheti kimelowa jasho.

"Balozi," nikaita. "Balozi, ngoja, nina neno."

Mzee Mwishehe alikuwa amekwisha kuvua miwani na kumkabidhi Polikarpo daftari, anakwenda zake. Aliyegeuka kwangu ni Polikarpo. Akauona mkono wangu, akaiona karatasi ya hospitali, akanyoosha wa kwake kuipokea.

"Lete nisome," akasema.